Ukili haukatwi kwenye mkeka: tuzungumze kuhusu tepe za grafini

Mwalimu_wa_Amu · Ijumaa, saa 4:10 usiku

Assalaam aleikum wana jukwaa. Wasiosalimika kwa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Wiki iliyopita, kipindi cha mwisho kabla ya adhuhuri, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Tulikuwa kwenye sura mbalimbali za kaboni: almasi, grafiti, makaa. Nikagusia na grafini kwa kuwa naipenda. Akainua mkono: "Mwalimu, kama grafini inapitisha umeme vizuri hivyo, mbona simu zetu bado ndani ni silikoni?" Nikamjibu kwa sentensi mbili, kengele ikalia. Jibu lile limenikereketa tangu siku hiyo. Nalirudia hapa kwa mapana, na mwenye kujua zaidi anisahihishe bila kunionea haya.

Grafini ni tabaka moja tu la grafiti, ile ile iliyo ndani ya penseli. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliibandua kwa selotepu mpaka wakabaki na unene wa atomi moja. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Atomi za kaboni zimekaa pembesita kama sega la nyuki, na kutoka atomi moja hadi jirani yake ni nanomita 0.142 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Elektroni hukimbia humo kwa wepesi wa ajabu.

Na wepesi huo ndio kikwazo. Transista ni kilango cha umeme. Haitoshi kifunguke, lazima pia kifungike. Silikoni ina kitu kinachoitwa pengo la nishati, yaani nishati ambazo elektroni haziruhusiwi kuwa nazo, lenye ukubwa wa kama elektronivolti 1.1 (kipimo cha nishati), na pengo hilo ndilo linaloiwezesha kuzima. Grafini haina pengo. Ni kama mfereji ulioliwa koki: kupunguza maji utaweza, kuyakata usiweze.

Dawa iliyoonekana ni kuibana grafini iwe utepe mwembamba. Elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi lililo ndani ya utepe lazima litoshee baina ya kingo mbili. Anayepiga udi atanielewa upesi: ukiubana uzi ukawa mfupi, sauti hupanda. Vivyo hivyo utepe ukizidi wembamba, pengo la nishati hukua. Lakini wembamba wenyewe si wa mchezo. Ukitaka pengo la kushindana na silikoni, upana uwe wa nanomita moja hivi. Unywele wa binadamu ni makumi ya maelfu ya nanomita.

Hizo ndizo nanotepe za grafini. Nataka tuzungumze zinavyotengenezwa, kwa sababu humo ndimo kemia ilimonishangaza.

---

Nahodha_Shela · Ijumaa, saa 4:32 usiku

Waaleikum salaam Mwalimu. Swali la mtu asiyesoma sayansi: si wachukue hiyo grafini pana waikate vipande vyembamba? Kisu cha kisasa hakikosi.

---

Mwalimu_wa_Amu · Ijumaa, saa 5:05 usiku

Nahodha, hilo ndilo lililojaribiwa kwanza, na jibu nimelipata kwa shangazi yangu Matondoni kabla sijalipata kitabuni.

Shangazi husuka mikeka kwa ukili, yaani utepe wa miyaa (majani yaliyochanwa) iliyosukwa. Miaka kadhaa nyuma mgeni mmoja alinunua mkeka mpana, kisha akataka kipande chembamba cha kutandika kwenye ujia wa nyumba yake. Akauchukua mkasi akaukata mwenyewe kwa urefu. Siku ya tatu akaurudisha. Nilikuwepo. Ukingo ulikuwa umefumuka kama vidole viwili ndani, miyaa imechomoka huku na huku, mingine mirefu, mingine imekatika katikati. Shangazi aliupitisha mkono ukingoni taratibu, akaniambia: "Mwanangu, ukili haukatwi kwenye mkeka. Ukili husukwa ukiwa ukili."

Walioikata grafini waliyaona hayo hayo. Mwaka 2007 kundi la mwanafizikia Philip Kim lilichonga tepe kwa miale ya elektroni na plazma ya oksijeni (gesi yenye chaji ya umeme), wakathibitisha kwamba pengo hufunguka kadiri utepe unavyokuwa mwembamba. Lakini kingo zilikuwa na meno yasiyo na mpango. Katika utepe wa upana wa nanomita 20, atomi mbili tatu zikikosekana ukingoni si neno. Katika utepe wa nanomita moja, atomi mbili ni sehemu kubwa ya upana mzima, na elektroni hujikwaa kila hatua.

Wengine wakaja na ndia ya kupasua. (Samahani, Kiamu kimenitoka: njia.) Kuna mirija ya kaboni, yaani grafini iliyojikunja ikawa bomba. Mwaka 2009 makundi mawili yalitoa kazi zao pamoja. James Tour wa Chuo Kikuu cha Rice aliipasua mirija kwa urefu kwa asidi ya salfuriki kali na potasiamu pamanganeti, ile dawa ya zambarau tuliyo nayo maabara ya shule. Hongjie Dai wa Stanford aliifukia mirija nusu ndani ya plastiki, akaula upande uliobaki wazi kwa plazma ya argoni, mrija ukafunguka. Kazi nzuri zote mbili, na njia ya Tour hutoa tepe nyingi kwa mara moja, ila pamanganeti huacha oksijeni imeng'ang'ania kingo na uso, na umeme hauipendi.

Kukata, kuchonga, kupasua: vyote huanza na kikubwa na kushuka. Hakuna kati ya hivyo kinachokupa ukingo ulionyooka atomi kwa atomi.

---

Binti_Matondoni · Ijumaa, saa 5:41 usiku

Mwalimu, nimefurahi kuona kazi yetu imetajwa kwa heshima. Naongeza kidogo kwa wasiojua.

Ukingo wa ukili haufumuki kwa sababu hakuna mwaa unaoishia pale. Kila mwaa ukifika ukingoni hukunjwa na kurudi ndani. Ndiyo maana ukikata unaharibu: umeyakata maungo yote yaliyokuwa yakirudi. Na kabla ya kuanza tunahesabu miyaa. Ukikosea mmoja mwanzoni, ua halikutani, na huwezi kurekebisha ukiwa umefika pima ya tatu. Unafumua.

Sasa swali langu ni hili. Kama hawakati, wanasuka na nini? Miyaa yao ni ipi, na mkono gani unaoweza kushika atomi?

---

Mwana_Malindi · Jumamosi, saa 2:15 asubuhi

Dada, swali lako ndilo lenyewe. Mimi ni wa Malindi, nimesomea kemia, na mada hii niliiandikia mradi wangu wa mwisho. Niruhusuni nikae nayo kidogo.

Mkono haushiki atomi. Wakemia wanaziandaa molekuli ambazo zikikutana hazina namna nyingine ya kuungana ila ile moja unayoitaka. Kazi yote ya kusuka imekwisha fanywa ndani ya umbo la molekuli.

Mwaka 2010 kundi la Roman Fasel katika taasisi ya Empa, Uswisi, pamoja na kundi la Klaus Müllen wa Taasisi ya Max Planck ya Utafiti wa Polima mjini Mainz, Ujerumani, walionyesha jambo hili kwa mara ya kwanza. Mwandishi wa kwanza wa makala yao ni Jinming Cai. Mwaa wao ulikuwa molekuli yenye jina refu, dibromo-biantrili. Nitaieleza kwa maneno. Antrasini ni pembesita tatu za kaboni zilizopangwa mstari mmoja. Chukua antrasini mbili, ziunganishe katikati kwa katikati kwa kifungo kimoja. Kisha kila moja, upande wa pili wa katikati yake, iwekee atomi ya bromini. Haidrojeni za antrasini hizi mbili hugongana, kwa hivyo haziwezi kulala bapa pamoja. Moja hujigeuza, kama mbawa za feni.

Molekuli hizo hupashwa moto ndani ya chemba isiyo na hewa hata kidogo, zikawa mvuke na kutua juu ya dhahabu safi. Dhahabu ina joto la nyuzi 200 za Selsiasi. Hapo bromini huachia. Molekuli iliyopoteza bromini ina mikono miwili mitupu, moja kila ncha, na huteleza juu ya dhahabu mpaka ikutane na mwenzake. Wakishikana hawaachani. Mnyororo hukua, lakini bado umejisokota, antrasini moja imeinuka huku, inayofuata kule.

Kisha joto hupandishwa hadi nyuzi 400. Haidrojeni zilizokuwa zikigongana hung'oka, kaboni jirani zinafungana, na mnyororo mzima hulala bapa. Umepata utepe wa kaboni saba kwa upana, ukingo umenyooka pande zote mbili, haidrojeni moja moja zimebaki zikiziba kaboni za nje. Hizo haidrojeni za ukingoni, dada, ndizo kule kukunja kwako: hakuna kifungo kilichoachwa kikining'inia.

Walijuaje? Kwa darubini ya ncha ya sindano, ile ambayo Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliitengeneza IBM Zürich mwaka 1981. Haitazami kwa mwanga. Sindano husogea juu ya uso kwa umbali usiofika nanomita moja na kupima mkondo mdogo unaoruka. Mara ya kwanza kuona picha ile nilinyamaza muda mrefu. Vijiti vilivyonyooka, vyote upana mmoja, vimelala juu ya dhahabu kama boriti zilizomwagwa uwanjani.

---

Mwalimu_wa_Amu · Jumamosi, saa 3:20 asubuhi

Ahsante sana Mwana_Malindi. Hivi ndivyo nilivyotaka.

Mwanafunzi wangu anasoma uzi huu. Nampa kazi, na wengine wajaribu. Molekuli ile ina kaboni 28, haidrojeni 16 na bromini 2. Utepe wa saba, ukiutazama, hujirudia kila kaboni 14 na haidrojeni 4. Je, kila molekuli inayoingia kwenye utepe hupoteza haidrojeni ngapi kwenye zile nyuzi 400?

---

Sonara_Mzee · Jumamosi, saa 5:02 asubuhi

Yeo mjukuu wangu amenisomea uzi huu wote, nami nikamwambia aniandikie. Nimefua dhahabu na fedha tangu ningali kijana, hapa hapa Amu.

Naomba kujua mambo mawili. Kwa nini dhahabu, na si shaba ambayo ni rahisi? Na je, dhahabu yenyewe ni ya namna gani? Kwa maana dhahabu iliyochanganywa na dhahabu safi hazina tabia moja mbele ya moto.

---

Mwana_Malindi · Jumamosi, saa 6:30 mchana

Shikamoo mzee wangu. Maswali ya fundi hayana upotevu.

Dhahabu yao ni safi isiyochanganywa. Uso wake hupigwa kwa ayoni (atomi zenye chaji) za argoni ili kuondoa kila uchafu, kisha hupashwa moto atomi zijipange upya. Huwa wanachagua uso ambao atomi zimekaa kwa mpango wa pembetatu, kila moja ikizungukwa na sita, kama machungwa yaliyopangwa kwenye meza ya sokoni. Humo molekuli huteleza vizuri.

Shaba nayo inafaa kung'oa bromini, na kwa kweli kemia hii inatokana na ya Fritz Ullmann, aliyeunganisha molekuli za namna hii kwa unga wa shaba mwaka 1901. Lakini shaba ina nguvu mno. Hushika molekuli, haiziachi zitembee zikatafutane. Dhahabu inachochea kiasi cha kutosha, kisha inaachia. Nawe wajua mzee, dhahabu haishiki kutu wala haichukui oksijeni, kwa hivyo haiingizi kitu cha tatu kwenye mazungumzo.

Ila dhahabu hiyo hiyo huja kuwa taabu. Nayo inapitisha umeme. Utepe uliolala juu yake hauwezi kuwa transista, umeme utapita chini. Lazima uhamishwe. Kwa hivyo huanza na tabaka jembamba la dhahabu juu ya ulanga, na mwishoni dhahabu huyeyushwa kwa iodini na potasiamu iodaidi, tepe zikabaki juu ya kitu kisichopitisha umeme.

---

Sonara_Mzee · Jumamosi, saa 7:15 mchana

Marahaba mwanangu. Nimefahamu. Moto wa kwanza wa kuunga, moto wa pili wa kulaza. Hata sisi hatuwezi kugeuza mpangilio huo: ukizidisha moto kabla ya kiungo kushika, kazi imekwenda.

---

Mwana_Malindi · Jumamosi, saa 7:40 mchana

Ni hivyo hasa, mzee. Ukipandisha joto hadi 400 mapema, haidrojeni zinazong'oka huziba ile mikono mitupu, na mnyororo husimama ukiwa mfupi.

---

Binti_Matondoni · Jumamosi, saa 10:20 jioni

Mimi bado niko kwenye hesabu. Umesema kaboni saba. Kwa nini saba? Nane haifai? Na tisa?

---

Mwalimu_wa_Amu · Jumamosi, saa 2:05 usiku

Binti, umeshika mahali ninapopapenda kuliko pote.

Kwanza ujue ukingo una aina mbili. Ukilikata sega la nyuki upande mmoja, ukingo hutoka kwa vikalio vyenye mikono pembeni, ndio maana wanauita ukingo wa kiti cha mikono. Ukilikata upande mwingine, hutoka zigizaga. Utepe wa Uswisi wa mwaka 2010 ni wa kiti cha mikono, na upana wake huhesabiwa kwa mistari ya kaboni: saba, nane, tisa na kuendelea.

Mtu angetarajia pengo la nishati lipungue hatua kwa hatua kadiri upana unavyoongezeka. Halifanyi hivyo. Linaruka. Mwaka 2006 Young-Woo Son, Marvin Cohen na Steven Louie walikokotoa na kuonyesha koo tatu. Gawanya hesabu ya mistari kwa tatu, utazame baki. Baki ikiwa moja, kama 7, 10 na 13, pengo ni kubwa. Isipobaki kitu, kama 6, 9 na 12, pengo ni la wastani. Baki ikiwa mbili, kama 5, 8 na 11, pengo ni dogo mno, utepe unakaribia kuwa kama chuma.

Basi utepe wa 7 ulipopimwa juu ya dhahabu ulitoa pengo la elektronivolti 2.3 hivi. Wa 9 ulitoa 1.4. Wa 8 ulio katikati yao ni wa ukoo wa tatu. Mstari mmoja tu wa kaboni, na kitu chenyewe kimebadilika tabia. Ukikosea mwaa mmoja, ua halikutani.

Kuhusu kipimo: umbali wa mstari hadi mstari ni nanomita 0.123. Utepe wa saba una nafasi sita, kwa hivyo upana wake ni nanomita 0.74. Mwaa wa shangazi uliochanwa vizuri ni milimita tatu. Ni upana zaidi ya mara milioni nne.

---

Binti_Matondoni · Jumamosi, saa 2:31 usiku

Nimeusoma mara mbili ujumbe huu. Nitaulala nao.

---

Nahodha_Shela · Jumapili, saa 1:10 asubuhi

Nimefuatilia kwa makini na nawaheshimu nyote. Lakini naomba niseme lililo moyoni. Watoto wetu wanakwenda shule kwa mashua, vitabu vinalowa. Chemba isiyo na hewa, dhahabu safi, sindano ya atomi moja: haya yatamfikia nani huku visiwani? Sisemi msizungumze. Nauliza mtoto wa Kizingitini au Faza atashika nini kwa mkono wake.

---

Mwana_Malindi · Jumapili, saa 3:45 asubuhi

Nahodha, swali lako ni la haki, na limeniuma kwa sababu nimelipitia. Chuo nilichosoma, pampu ya kutolea hewa iliharibika mwanzoni mwa muhula na haikutengenezwa mpaka nikamaliza. Nilikuwa nimeandaa kila kitu. Nilikaa na msimamizi wangu, akaniuliza nina nini. Nikamwambia nina kompyuta ya mkono, basi.

Akanifundisha kwamba mapengo yale anayoyazungumzia Mwalimu yanaweza kukokotolewa kwa njia nyepesi sana. Unaandika jedwali la namba. Kila atomi ya kaboni ni safu moja. Pale ambapo atomi mbili ni majirani unaweka namba ile ile, kama elektronivolti 2.7, ambayo ni nguvu ya elektroni kuruka kwa jirani. Pengine pote sifuri. Kisha kompyuta inatafuta nishati zinazoruhusiwa. Utepe wa saba una kaboni 14 tu zinazojirudia, jedwali la 14 kwa 14. Programu ni za bure. Kompyuta ya zamani humaliza kabla hujashusha pumzi.

Nilipochora 7, 8 na 9 zikatoka koo tatu mbele ya macho yangu, chumbani kwangu, umeme ukiwa umekatika na betri imebaki kidogo. Na nikagundua jambo. Hesabu yangu nyepesi ilisema utepe wa 8 hauna pengo kabisa, sifuri. Kumbe ni kwa sababu nilizipa atomi zote nguvu moja. Atomi za ukingoni, zilizofungwa na haidrojeni, hukaribiana kidogo zaidi ya zile za ndani. Ukilitilia hilo maanani, pengo dogo linafunguka. Son na wenzake walilisema mwaka 2006, lakini mimi niliona kwa namba zangu. Ukingo tena.

Kwa hivyo mtoto wa Faza akiwa na hesabu za kidato cha nne na kompyuta moja ya shule, hapo pana mlango. Haimpi utepe mkononi. Inampa kujua, na anayejua akifika penye pampu nzima haanzi na sifuri.

---

Mwalimu_wa_Amu · Jumapili, saa 5:00 asubuhi

Naunga mkono, na naongeza la kushika mkononi, Nahodha. Chukua penseli laini, chora mstari mzito kwenye karatasi, urefu wa kidole. Weka ncha za mita ya umeme, soma ukinzani. Chora mwingine wenye nusu ya upana: ukinzani unapanda. Haya ni mambo ya kawaida ya umeme, si ya mawimbi ya elektroni, na nawaambia wanafunzi wasichanganye. Lakini mtoto akishaona penseli inapitisha umeme, na akabandua grafiti kwa selotepu mpaka vipande vinaonyesha mwanga, safari imeanza.

---

Mkulima_Hindi · Jumapili, saa 8:25 mchana

Mimi natoka Hindi, bara. Hizi tepe hutengenezwa kwa dhahabu tu? Maana kwa dhahabu hata wakitengeneza mwaka mzima hazijai kijiko.

---

Mwana_Malindi · Jumapili, saa 9:10 alasiri

Umeona sawa. Kwa wingi kuna njia ya chupa, na Müllen na wenzake wameifanyia kazi miaka mingi. Huunganisha molekuli ndani ya kiyeyushi, si juu ya uso. Hupata polima ndefu (mnyororo wa molekuli zilizoungana) yenye pete nyingi za benzini zilizojisokota, kisha huzilaza kwa kloridi ya chuma, ambayo huondoa haidrojeni na kufunga kaboni kwa kaboni. Kulaza huko hufanyika bila joto kali, kwenye joto la chumba.

Tatizo lake ni kwamba tepe bapa zinapendana mno. Zikikaribiana zinalaliana kama kurasa, zinashuka chini, huwezi kuziyeyusha tena. Kwa hivyo kila kipande huwekewa mikia ya mafuta pembeni, minyororo ya kaboni 12, iizuie isishikamane. Mwaka 2014 Akimitsu Narita na wenzake walitoa kwa njia hii tepe zenye urefu unaozidi nanomita 200. Zile za juu ya dhahabu kwa kawaida ni makumi tu ya nanomita.

Ipo na ya tatu, sitakaa nayo: Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 2015, walipitisha gesi ya methani juu ya fuwele ya jerimani (elementi iliyo jamaa ya silikoni), tepe zikajiotea zenyewe zikiwa zimenyooka. Zile si za upana mmoja hadi atomi, lakini ziko juu ya kitu ambacho viwanda vya chipu vinakijua.

---

Kidato_cha_Nne · Jumapili, saa 1:40 usiku

Shikamoo Mwalimu. Shikamooni wote. Mimi ndiye niliyeuliza swali darasani.

Nimefanya hesabu. Molekuli ina kaboni 28, kwa hivyo ni marudio mawili ya utepe, maana 14 mara mbili ni 28. Marudio mawili yana haidrojeni 8. Iliingia na 16. Kwa hivyo imepoteza 8. Na kwa kuwa kila kifungo kipya cha kaboni kinang'oa haidrojeni mbili, vifungo vipya ni 4 kwa kila molekuli.

Nina maswali mawili. Ule ukingo wa zigizaga haukuelezwa. Na bado sijajua kwa nini simu yangu ni silikoni, ikiwa tepe zimeshapatikana.

---

Mwalimu_wa_Amu · Jumapili, saa 2:20 usiku

Nane ni sahihi, na hivyo vifungo vinne sikuwa nimekuuliza. Umenifurahisha sana, mwanangu.

Zigizaga: mwaka 1996, kabla grafini haijabanduliwa, Mitsutaka Fujita, Kyoko Nakada, Mildred Dresselhaus na wenzao walikokotoa kwamba ukingo huo hukusanya elektroni zake pembeni, kando ya utepe. Hesabu zinasema elektroni za ukingo mmoja huelekeza usumaku wao juu na za ukingo wa pili chini. Kaboni tupu, bila chuma hata chembe, yenye usumaku. Kundi la Empa lilifanikiwa kuusuka utepe wa namna hiyo mwaka 2016, kwa molekuli yenye umbo la U. Lakini elektroni zilizokusanyika pembeni hutafuta cha kushika, na ukiutoa hewani ukingo hushikana na oksijeni. Wa kiti cha mikono huvumilia hewa.

Na simu yako. Mwaka 2017 transista za tepe za 9 na 13 zilitengenezwa na kupimwa. Za tisa zilizima vizuri, mkondo wa kuwasha ukiwa mara laki moja wa kuzima. Kwa hivyo koki ipo. Kilichobaki ni kigumu kwa namna nyingine. Utepe ni mfupi, na kuuwekea nyaya mbili za metali pande zake ni kazi ya bahati na uvumilivu. Juu ya dhahabu tepe hulala kila upande, na ni lazima zote zielekee upande mmoja. Kuzihamisha bila kuzichafua ni taabu. Chipu ya simu ina mabilioni ya transista, na zote zifanye kazi. Silikoni imeshafika huko. Tepe zinahesabiwa bado moja moja.

Hilo ndilo jibu nililopaswa kukupa kabla ya kengele. Nakupa na kazi ya pili. Utepe wa 9 husukwa kwa molekuli nyingine, dibromo-tafenili: kaboni 18, haidrojeni 12, bromini 2. Utepe wenyewe hujirudia kila kaboni 18 na haidrojeni 4.

---

Kidato_cha_Nne · Jumapili, saa 2:34 usiku

Nane tena, Mwalimu. Vifungo vinne tena. Molekuli tofauti na upana tofauti, mbona namba ni moja?

---

Mwana_Malindi · Jumapili, saa 2:50 usiku

Usimjibu, Mwalimu. Mwache achore zote mbili kwenye karatasi ya pembesita, kifungo kwa kifungo. Ya saba hushonwa baina ya antrasini na antrasini. Ya tisa, aangalie pete za pembeni.

---

Binti_Matondoni · Jumapili, saa 3:15 usiku

Mwalimu, kesho nachana miyaa mipya, imelala majini tangu jana. Mwambie huyu mwanafunzi aje Jumamosi na karatasi yake, tutajaribu kuusuka wa saba na wa tisa kwa miyaa miwili ya rangi. Wa nane nitausuka mwenyewe kabla hajafika, nataka nione ua linavyokataa.

---

Kidato_cha_Nne · Jumapili, saa 3:18 usiku

Nitakuja na mashua ya asubuhi.